Bakteria wa Chiriku

Kazi yangu ni kuosha vyombo vya maabara. Si vya kulia, ni vya kioo: chupa zenye shingo nyembamba na tumbo pana, mirija, vikombe vyenye mistari ya vipimo, na visahani vya duara vyenye vifuniko. Nimeviosha miaka kumi na tisa katika chumba kimoja chenye sinki mbili, meza ya saruji na dirisha linalotazama ukuta wa jengo la pili. Chupa zangu nazijua moja moja. Hii ina kovu shingoni, ile ina kiputo cha hewa tangu kiwandani, nyingine imefutika namba zake zote ikabaki kipara. Watafiti wananiita Bibi Vyombo, nami nimeshaitikia.

Mjukuu wangu alikuja kwenye jengo hilo hilo kwa mlango wa mbele, mwanafunzi wa shahada ya pili. Mimi huingilia wa nyuma. Tangu mdogo tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haujui likizo. Mama yake yuko mbali kikazi, kwa hiyo tunaishi wawili, vyumba viwili na jiko. Asubuhi tunatoka pamoja, tukifika getini tunaachana kama watu wasiojuana. Hilo ni sharti lake mwenyewe. Hakutaka mtu aseme amebebwa na bibi yake.

Siku aliyopewa bakteria wake nilijua kabla hatujafika nyumbani.

"Bibi, hawa viumbe ni wa pinki, kama ufizi. Watu waliwakuta mara ya kwanza kwenye nyama ya kopo. Nyama ilikuwa imepigwa mionzi ya kuua kila kijidudu, lakini bado ikaoza. Kufungua, jamaa wamekaa humo kama wenye nyumba."

"Wana ngozi ngumu?"

"Hapana! Hapo ndipo penye maajabu. Wanavunjika kama wengine. Ila wanajiunga tena."

Jikoni alitoa karatasi nne kwenye mkoba. Zote zilikuwa nakala za tangazo moja, lile la mgao wa maji lililobandikwa kwenye kila mlango wa jengo la kazini. Alichukua moja akaichana vipande ishirini hivi, akanirundikia mbele yangu.

"Ipange."

Nilijaribu. Kipande kimoja kilisema "maji yatafu", kingine "watumiaji wote", kingine "nne asubuhi". Nani ajue kipi kinafuata kipi?

"Umeshindwa. Mionzi ikipiga bakteria wa kawaida, ndivyo DNA yake inavyokuwa. DNA ni maandishi, Bibi. Ndimo yalimo maelezo yote ya kumtengeneza yeye. Sasa ngoja." Akazichana zile tatu zilizobaki, kila moja kwa namna yake, akavichanganya vipande vyote. "Hawa wangu kila mmoja ana nakala kadhaa za maandishi yale yale. Zote zinachanika, lakini hazichaniki mahali pamoja. Panga tena."

Mara hii niliona njia. Kipande kimoja kiliishia "maji yatafungwa saa". Cha nakala nyingine kilianza "yatafungwa saa nne asubuhi". Nikavipandanisha pale maneno yanapofanana, kisha nikatafuta cha tatu chenye "nne asubuhi" mwanzoni. Maji ya chai yalipochemka nilikuwa nimefika kwenye sahihi ya meneja. Palikuwa na tundu moja, kipande kimeanguka chini ya jiko. Chiriku akaweka karatasi safi hapo, akatazama nakala nyingine, akanakili maneno yaliyokosekana.

"Ndivyo wanavyofanya," akasema. "Wanakata ncha zilizoungua, wanazitupa nje. Wanapandanisha panapofanana. Pengo wananakili. Saa chache tu, maandishi mazima."

"Anayepandanisha ni nani?"

"Protini. Waite mafundi."

"Na hao mafundi mionzi haiwapigi?"

Alishusha kikombe. "Bibi, swali hilo watu walichelewa miaka mingi kuliuliza. Walikuwa wanaishangaa DNA tu. Kumbe kwa bakteria wengine, mafundi wenyewe hufa kabla hawajaanza kazi. Hawa wangu wana madini mengi ya manganisi mwilini, na wengi sasa wanaamini hayo ndiyo yanayowakinga mafundi."

"Kwa hiyo maandishi yanachanika kote kote. Ila huku mafundi wamekufa, huku mafundi wapo."

"Hapo hapo, mke mwenzangu! Marehemu babu hakukosea kukuoa."

"Na wewe alikuoa lini hata ukajua?"

Tukacheka, tukanywa chai.

Kazi yake ilikuwa kupima saa. Bakteria wakilishwa chakula chepesi, chenye kila kitu kwa kipimo cha kubania, wanachukua muda gani kuunga DNA? Kila Alhamisi alishuka na mirija yake kwenye chumba cha mionzi, akairudisha, akapiga picha. Alinionyesha picha hizo nikiwa sinkini. DNA kabla ya mionzi ilikuwa mistari iliyonyooka, kama ngazi. Baada tu ya mionzi ilikuwa ukungu, kama majivu yaliyomwagwa. Saa tatu baadaye mistari ilianza kurudi. Saa sita, ngazi imesimama. Alipata hivyo mara mbili. Profesa wake alifurahi, akamwambia arudie mara nyingine tatu, kisha aandike.

Aliporudia, wakafa.

Alhamisi ya kwanza alisema labda alikosea kipimo. Ya pili alisema labda mashine ya mionzi. Fundi wa mashine akampimia mbele yake, mashine nzima. Ya tatu aliweka tu picha mezani. Picha zilikuwa ukungu saa ya kwanza, ukungu saa ya sita, ukungu kesho yake. Na visahani alimowapanda baada ya mionzi, ambavyo vilitakiwa kuota vidoa vya pinki, vilibaki vyeupe.

Siku hiyo ya tatu nilikuwa nikipanga chupa kwenye rafu za maabara yao. Profesa aliingia na picha mkononi. Ni mtu mrefu, mpole kwa kawaida, ambaye zamani aliwahi kuaibishwa na mwanafunzi aliyetunga namba, na tangu hapo hana imani na jambo linalotokea mara mbili tu. Wanafunzi wengine wanne walikuwepo.

"Binti, wenzako hapa wana bakteria hao hao na wako hai."

"Wenzangu wanatumia supu nzito, Profesa. Mimi natumia chakula chepesi."

"Mwanzoni ulitumia chakula hicho hicho wakaishi. Sasa wanakufa kama kuku wa kideri. Niamini lipi? Ama wale wa kwanza hawakuwa hawa, ama zile picha ulizipika."

"Sikupika."

"Basi nionyeshe. Tarehe thelathini naiandikia kamati barua. Kama hujaweza kurudia, nitasema matokeo ya kwanza hayaaminiki. Jina lako litaondolewa."

Nikaweka chupa ya mwisho kwenye rafu nikatoka. Mwosha vyombo hasemi katikati ya Profesa na mwanafunzi.

Nyumbani siku zile palikuwa kimya mpaka nikawa nasikia jirani akikunja mkeka. Chiriku alipima upya kila unga wa chakula chake. Alinunua kipimajoto. Manganisi aliipima mara mbili, akaitia mwenyewe, kwa jicho lake. Usiku aliniuliza swali moja tu: "Bibi, mtu anaweza kudanganya bila kujua?" Nikamwambia mtu anaweza kukosea bila kujua, kudanganya hapana. Akajifunika shuka.

Kitu kimoja hakukishuku, nacho ni chupa. Angezishukuje? Zimeoshwa na bibi yake.

Jumatano iliyofuata, maji yakiwa yamefungwa, nilikuwa nimekaa nikisubiri. Saa nne hivi jua hupenya kati ya majengo mawili, likamulika dirisha langu kwa muda mfupi kisha likaenda zake. Lilimulika chupa ile ya kipara. Ndani yake, chini, niliona duara jeupe, jembamba kama alama ya kikombe mezani. Tone la maji lilikuwa limekauka hapo likaacha kitu.

Nikachukua ya pili. Duara. Ya tatu ilikuwa nayo, mawili.

Miaka kumi na tisa tone likikauka kwenye chupa yangu haliachi kitu. Nikavuta kopo la sabuni karibu. Ilikuwa sabuni mpya, Mtunza Stoo aliileta ya zamani ilipoisha, wiki ile bakteria walipoanza kufa. Nilivaa miwani nikasoma maandishi ya nyuma, na mimi kusoma husoma kwa kidole. Yalisema sabuni hiyo haitoi povu. Yalisema inafaa kwa mashine. Kisha yakasema kitu ambacho nilikirudia mara tatu: hushika madini yote yaliyomo majini ili yasiache madoa.

Hushika madini.

Nikakaa na kopo mapajani.

Kosa langu nililiona lote kwa mpigo mmoja. Sikuwahi kuhesabu kusuuza. Nilifundishwa na mama aliyenitangulia katika sinki ile: suuza mpaka povu liishe, povu likiisha sabuni imeisha. Kwa sabuni ya zamani povu lilikuwa linaisha mara ya saba, wakati mwingine ya nane. Hii mpya haikuwa na povu tangu mwanzo. Nikasuuza mara mbili, mara tatu kwa heshima, nikaona maji yako safi, nikashukuru. Mgao wa maji ulikuwa umezidi wiki ile ile. Nilisema moyoni, heri sabuni hii, haili maji. Kumbe ilikuwa inabaki imekaa ndani ya kioo, na chakula cha Chiriku kikimiminwa humo, inaikamata manganisi aliyoipima kwa jicho lake. Waliokuwa wanatumia supu nzito wasingeona kitu, supu nzito ina madini ya kutosha kugawana na mwizi. Yeye alikuwa na kidogo, na hicho kidogo kikashikwa.

Nilifikiri kunyamaza, sitasema uongo. Ningesuuza mara kumi kuanzia siku ile, bakteria wangefufuka, na hakuna ambaye angejua mkono wangu ulikuwemo. Lakini Profesa angesema nini? Waliishi, wakafa, wameishi tena, na binti hana sababu. Huyo ndiye mpishi kamili.

Sikumwambia Chiriku. Nilifuta mikono nikapanda ghorofa ya pili, nikabisha hodi kwa Profesa.

Nilimwambia yote, hata kwamba Chiriku ni mjukuu wangu, naye akanisikiliza nimesimama mpaka nikamaliza. Kisha akanionyesha kiti.

"Bibi, nakuheshimu sana. Lakini nakuelewa pia. Mama yangu naye angejitwika."

"Sijajitwika, Profesa. Nimeshika kopo."

"Sabuni ile tunayo jengo zima."

"Jengo zima linakula supu nzito."

Akalichukua kopo, akasoma nyuma yake. "Nani amekwambia habari za manganisi?"

"Yeye. Mezani kwangu. Tukiunga karatasi."

"Unaona? Kesho nikimwambia mtu kwamba bibi wa mwanafunzi, anayelala naye nyumba moja, ndiye aliyegundua kwa nini mwanafunzi hana kosa, atacheka."

Hapo alikuwa na haki. Nilifikiri. Nimelea watoto sita, na sukari imepungua nyumbani mara nyingi. Mama akiuliza nani kala, kila mmoja ana wakili wake. Ukitaka ukweli usimuulize anayempenda mwenzake. Unawaweka mbalimbali, unaangalia mdomo wa nani una chembe.

"Basi tusiulizane," nikasema. "Nipe chupa kumi na mbili. Sita nitaziosha kama nilivyokuwa nikiosha siku hizi, mara tatu. Sita nitazisuuza mara kumi, kisha mara tatu kwa maji yale yaliyosafishwa. Nikuletee hapa katika sinia mbili. Wewe uzichanganye mlango umefungwa, uzibandike namba, uandike ipi ni ipi, ufunge kwenye bahasha. Mjukuu wangu apokee namba tu."

Alinitazama. "Na wewe hutazijua?"

"Nitazijua. Chupa zangu nazijua hata uzipake masizi. Kwa hiyo mimi nisiingie maabara mpaka bahasha ifunguliwe. Na nyumbani nisilale."

"Utalala wapi?"

"Nina mdogo wangu."

Profesa alitafuta kitu cha kupinga. Niliona anatafuta. Mwisho akavuta kalenda. "Leo Jumatano. Kesho tunakosa, mashine ina watu. Alhamisi ijayo wanapigwa mionzi. Vidoa huota siku tatu. Jumatatu ni tarehe ishirini na tisa." Akagonga tarehe kwa kalamu. "Hiyo ndiyo nafasi ya mwisho."

Maji yaliporudi mchana nilijaza ndoo zote. Niliosha zile sita za mara tatu kwanza, na nikwambie, mkono ulikataa. Kuosha vibaya kwa kukusudia ni kazi nzito kuliko kuosha vizuri. Kisha zile sita nyingine nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, mpaka kumi, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jioni nilimwambia Chiriku mlangoni, mkoba begani: "Nakwenda kwa bibi yako mdogo. Profesa atakueleza kesho. Usinitafute wala usinipigie mpaka Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nenda ndani."

Alibaki mlangoni, na nilipogeuka kwenye kona alikuwa bado yupo.

Mdogo wangu alifungua mlango akatazama mkoba kabla hajanitazama mimi. "Haya, umefukuzwa?"

"Nimejifukuza."

"Kwa umri huo? Wenzio hutoroka na wanaume."

"Nipishe, miguu inauma."

Nilikaa kwake siku kumi na mbili. Kazini Mtunza Stoo alinipa chumba cha chini kupanga vioo vilivyopasuka, mbali na ngazi ya maabara. Yeye mwenyewe alikuwa amenuna, anadhani nimemshtaki kwa ajili ya sabuni. Nikamwambia sabuni haina kosa, imeandika tabia yake mgongoni, asiyesoma ni mimi. Akaacha kununa, akaniletea kiti chenye mgongo.

Mara moja nilikutana na Chiriku getini. Alikuwa amekonda mashavu. Alifungua mdomo, nikainua kiganja, akaufunga. Tulipishana. Mlinzi, ambaye hutuona tukija pamoja kila asubuhi, akauliza: "Mmegombana na mjukuu?" Nikasema ndiyo, ili mambo yawe mafupi.

Jumatatu saa tatu asubuhi Profesa alituma mtu aniite. Maabara ilikuwa imejaa, maana habari haina mlango. Wanafunzi wale wanne walikuwepo, fundi wa mashine ya mionzi, na Mtunza Stoo nyuma kabisa. Visahani, kila kimoja na bakteria wa chupa yake, vilipangwa mezani kwa namba, vimefunikwa na kitambaa. Niliwekwa upande wa mbali, nisione mapema. Chiriku alisimama kwenye visahani, Profesa alisimama na karatasi. Bahasha ilikuwa mfukoni mwake, tepu haijaguswa.

"Sema unachokiona tu," Profesa akasema. "Usieleze."

Chiriku akaondoa kitambaa. Akainama kwenye cha kwanza.

"Moja. Wamekufa. Vidoa vitatu."

Kalamu ikaandika.

"Mbili. Wamekufa, hakuna kitu. Tatu..." Akasita. "Tatu wako hai. Wengi, siwezi kuwahesabu kwa jicho."

"Endelea."

"Nne, hai. Tano, wamekufa. Sita, hai. Saba." Akakinyanyua kwenye mwanga. "Saba kimeota kuvu, Profesa. Kitu kimeingia. Hiki sisemi."

"Kiweke kando."

"Nane, wamekufa. Tisa, hai. Kumi, wamekufa, vidoa viwili. Kumi na moja, wamekufa. Kumi na mbili, hai."

Visahani vitano hai, sita vimekufa, kimoja cha kuvu. Profesa alitoa bahasha, akamkabidhi fundi wa mashine aifungue. Fundi akachana tepu taratibu kama anayefungua jeraha, akasoma kwa sauti.

"Zilizosuuzwa mara tatu ni moja, mbili, tano, nane, kumi, kumi na moja." Akageuza karatasi. "Zilizosuuzwa mara kumi ni tatu, nne, sita, saba, tisa, kumi na mbili."

Profesa alipitisha kalamu kwenye karatasi yake, mstari kwa mstari, kisha akapitisha tena. Chiriku alikuwa hajanitazama bado. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Zinaoana zote," Profesa akasema. "Zote." Akakunja karatasi. "Picha za DNA ulipiga?"

"Nilipiga. Tatu, nne, sita, tisa na kumi na mbili, ngazi imerudi saa ya sita. Ni zile zile za mwanzo. Hizo nyingine ukungu mpaka mwisho."

"Kwa hiyo mafundi walikosa kinga."

"Ndiyo."

"Na hatukukusudia. Hii ni sura nzima ya tasnifu, binti. Utapima ni sabuni kiasi gani inayotosha kuwaua. Barua ya kamati siiandiki. Nitaandika nyingine kwamba umerudia na nimeshuhudia."

Wanafunzi walianza kusogea kurudi kwenye kazi zao. Chiriku hakusogea.

"Profesa, lile neno."

"Neno gani?"

"Ulisema nimepika. Ulilisema hapa hapa, na hawa walikuwepo."

Niliona watu wakitazama viatu vyao. Mtu wa cheo kile hakuzoea kudaiwa maneno. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa. Nilidhani ataondoka.

"Nilisema umepika," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Hukupika. Nililisema kabla sijajua. Nalirudisha, na nyinyi mliolisikia, mmesikia na hili."

"Asante, Profesa."

"Na wewe Bibi," akanigeukia, "umetupotezea mwezi mzima."

"Ndiyo, Profesa. Nimewapotezea."

"Kuanzia leo, hesabu bandika ukutani."

"Nimeshabandika."

Niliporudi nyumbani jioni Chiriku alikuwa amefika mbele yangu. Chai ilikuwa tayari, kikombe changu kimefunikwa. Nilitua mkoba nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa siku kumi na mbili na maneno marefu, yote yakanipotea.

"Nisamehe, mjukuu wangu," nikasema.

Alizungusha kijiko kwenye chai isiyo na sukari. "Bibi, ilifika mahali nilijishuku mwenyewe. Nilikuwa nakaa kitandani najiuliza kama kweli niliziona zile ngazi au nilitaka tu kuziona. Wewe upo pale, unanipa chai, unaniambia nile."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Ndiyo maana nashindwa hata kukasirika vizuri." Akavuta pumzi. "Nitakusamehe Ijumaa. Kwa sasa nimechoka, na nina sura ya kuandika."

"Ijumaa ni sawa."

Tulikaa siku nne kwa adabu kubwa. Alisema shikamoo, nikasema marahaba. Aliniachia taa ya barazani. Hakuniita mke mwenzangu hata mara moja, na mimi sikumchokoza. Mtu akikwambia Ijumaa, Jumatano humgongei mlango.

Ijumaa nilimkuta jikoni, daftari limefunguliwa, kalamu mkononi, karatasi zimejaa meza mpaka hakuna pa kuweka sahani.

"Bibi, leo Ijumaa."

"Naona."

"Basi yameisha." Akasogeza karatasi, nikapata pa kukaa. "Sasa niambie. Ile sabuni, ulikuwa unatia vijiko vingapi kwa ndoo moja?"

"Viwili."

"Vya kujaa au vya kusawazisha?"

Nikafikiri, nikauona mkono wangu ukishika kijiko, kidole gumba kikipita juu yake.

"Vya kusawazisha," nikasema.

Akaandika.